Uzito wa Mbele

Boti ya kijiji ilikuwa na kilema kimoja. Kila mtu alikiona, lakini aliyekielewa alikuwa Bundala peke yake: boti ilikaa majini kama mbwa, makalio chini na pua juu.

Haikuundwa hivyo. Ilipokuwa mali ya Faki, mfanyabiashara wa Lamadi aliyetokea Tanga, ilikuwa na injini ya dizeli katikati, chuma kizito kilichofungwa juu ya mkuku, nayo ilitulia majini kama bata. Mwaka wa sabini na mbili injini ile ikapasuka kichwa. Spea hazikupatikana Mwanza wala Dar es Salaam. Faki, ambaye biashara yake ya chumvi na vitambaa ilikuwa imeanza kuyumba tangu duka la ushirika lifunguliwe, akaikabidhi boti kwa kijiji, akafunga virago akarudi kwao. Wanakijiji wakaing'oa ile injini kwa magogo na kamba, wakapachika nyuma mashine ndogo ya petroli waliyopewa na wilaya. Tundu la chini nyuma, pale ilipokuwa ikipita shafti ya panga la kusukumia maji, wakalishindilia kigingi cha mti, wakazungushia nyuzi za katani na kumwagia lami.

Basi tangu siku hiyo uzito wote ukahamia nyuma: mashine, debe la petroli, na nahodha mwenyewe. Pasipokuwa na kitu mbele, pua iliinuka, nyuma ikadidimia, na kile kigingi kikaanza kupitisha maji. Ukizidisha mzigo mbele, pua ilijichimbia kwenye mawimbi, na panga huku nyuma likatoka majini likilia hewani bila kusukuma chochote. Njia ilikuwa katikati ya makosa hayo mawili, nayo ilikuwa nyembamba.

Bundala alikuwa baharia wa Faki tangu ujana, na kijiji kilipopewa boti kikampata na yeye. Alishona mifuko minane ya turubai, akaijaza mawe ya ufukweni, akawa anaipanga mbele kulingana na safari. Gunia la dagaa lilikuwa sawa na mfuko mmoja. Gunia la pamba lilikuwa kubwa kwa macho lakini si mzigo wa maana. Mtu mzima alikuwa mifuko miwili, mnene miwili na nusu. Kijijini walimtania kwamba Bundala akikuamkia "mwangaluka" huwa ameshajua kilo zako kabla hujaitikia.

Mke wake Justina alikuwa wa kutoka Nkoma, nchi ya pamba na ng'ombe, ambako maji mengi kuliko yote ni ya lambo la kunyweshea mifugo. Mara ya kwanza kupanda ile boti alifumba macho mwanzo hadi mwisho. Mwaka haukuisha akawa anakaa mbele kabisa, miguu ameikunja, kanga imepigwa fundo shingoni, akiimba.

"Leo mimi ni mifuko mingapi?" alikuwa akimuuliza mumewe.

"Mmoja na nusu."

Mimba ilipoanza kuonekana alisema, "Leo je?" na Bundala akajibu, "Leo miwili. Na sitakupandisha tena mpaka ujifungue." Justina akacheka, akasema kumbe mtoto wao atazaliwa akiwa nusu mfuko wa mawe.

Hiyo ilikuwa mimba ya kwanza. Kwa desturi Justina angekwenda Nkoma kujifungulia kwa mama yake, lakini masika ya mwaka sabini na sita yalikuwa makali, na barabara za kule ndani zikawa tope tupu. Badala yake mama ndiye aliyekuja. Mama Domitila alitembea siku mbili, akalala njiani kwa jamaa, akafika na furushi la nguo, kibuyu cha samli, na miguu iliyovimba. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Hakuwa ameliona ziwa maishani mwake. Alipolitazama siku ile ya kwanza alimwambia bintiye kwamba kitu kisicho na ng'ambo si cha kuamini.

Yeye na Bundala hawakukaa nyumba moja. Kwa Wasukuma mtu hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana njiani mmoja huacha njia. Kwa hiyo Domitila alilazwa kwa jirani, na aliposhinda kwa bintiye mchana, Bundala alishinda ufukweni. Likiwapo la kuambizana lilipitia kwa Justina, naye Bundala akamtaja mkwewe kwa neno mayu, yaani mama. "Mwambie mumeo paa linavuja upande wa jiko." "Mwambie mayu nimesikia, nitaliezeka kesho." Wiki mbili zikapita namna hiyo, kila mmoja akiijua sauti ya mwenzake kupitia ukuta wa udongo, na heshima ikiwa imetulia kati yao.

Justina alianza kuumwa uchungu usiku wa mvua. Alfajiri mtoto akatoka, wa kike, mzima, analia. Wanawake wakapiga vigelegele, na Bundala, aliyekuwa amesimama chini ya upenu wa jirani, akavisikia akacheka peke yake. Halafu vigelegele vikakatika mapema mno.

Kondo la nyuma halikutoka, na damu haikukatika. Generoza, nesi wa zahanati ya kijiji, alifanya kila alilofundishwa na mengine ambayo hakufundishwa. Ilipofika saa nne asubuhi alitoka nje, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, akamfuata Bundala pale pale upenuni.

"Bundala, hapa mimi nimefika mwisho. Huyu anataka daktari, na anataka damu. Leo hii, si kesho."

Mwenyekiti wa kijiji, Ngeleja, aliitwa akaja mbio. Trekta la ushirika lilikuwa limekwama toka wiki iliyopita, na hata lingekuwapo, mto ulikuwa umebomoa daraja na kuikata barabara. Palibaki ziwa. Ng'ambo ya ghuba, mwendo wa saa mbili na nusu kwa ile boti, palikuwa na hospitali.

"Petroli ile ya kupelekea pamba, chukua yote," Ngeleja alisema. "Usiniulize. Chukua."

Walimbeba Justina juu ya kitanda cha kamba hadi ufukweni. Mvua ilikuwa imekatika, maji yametulia, ila upande wa magharibi anga lilikuwa jeusi. Bundala alilitazama anga, akatazama boti, na kichwa chake kikaanza hesabu iliyokuwa kazi yake ya kila siku.

Yeye nyuma, kwenye usukani. Rafiki yake Luhaga karibu naye, kwa sababu maji yakipenya huenda nyuma, na lazima awepo mtu wa kuyachota. Justina katikati kabisa, pale ilipokuwa injini ya Faki, mahali panapotikisika kidogo kuliko pengine pote. Kichwa upande wa nyuma na miguu upande wa mbele, iinuliwe kidogo kama nesi alivyotaka. Generoza ubavuni pake, kwa kuwa alikuwa akiukandamiza mfuko wa uzazi kwa mikono miwili na hakuweza kuacha. Hao ni wanne. Mama Domitila alikuwa tayari ameingia majini mpaka magotini, kichanga amekifunga kifuani, kwa sababu mtoto naye alihitaji titi la mama yake, na kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia abaki.

Boti ile, kwa mbao zake zilizozeeka, haikufaa kubeba watu watano pamoja na mawe na kwenda mbio mbele ya ile dhoruba. Ingezama mno, ingekwenda kama kobe. Bundala akafanya uamuzi upesi. Akaanza kuitupa mifuko ya mawe ufukweni, mmoja baada ya mwingine, hadi wa nane.

"Luhaga," alisema bila kugeuka, "mwambie mayu akae mbele kabisa. Pale penye ncha. Na asisogee."

Luhaga akamwambia. Domitila akamtazama bintiye, akatazama ile ncha ya boti, akaelewa kwamba anatengwa naye. Alipanda akakaa alipoonyeshwa, akiwa amewakabili wengine wote, mgongo wake ukielekea safari.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Boti ilikaa sawa, Bundala aliisikia kwa nyayo, maji kidogo ya sakafuni yakiwa yamesimama mahali yanapotakiwa kusimama. Mashine haikukohoa. Justina alikuwa na rangi ya majivu lakini aliongea. Aliuliza mtoto amenyonya? Generoza akamwambia amenyonya alfajiri, amelala. Aliuliza wamefika wapi. Bundala akamwambia, "Tunakwenda vizuri." Kutoka alipokaa aliweza kuona paji la uso la mkewe tu, na nywele zilizosukwa mistari minne kwa ajili ya uzazi.

Upepo uliwafikia katikati ya ghuba, mahali ambapo kurudi na kufika ni sawasawa. Ulitoka kushoto, kwanza baridi, halafu nguvu. Mawimbi yakaanza kuupiga ubavu, mafupi mafupi, yanayofuatana. Bundala akapunguza moto, akawa analikabili kila wimbi kwa kuigeuza pua kidogo na kuirudisha. Luhaga alichota maji kwa kopo bila kupumzika. Mvua ikaifunika milima ya ng'ambo.

Hapo ndipo Justina alipoita.

"Mayu."

Haikuwa sauti kubwa. Lakini Domitila aliisikia, maana alikuwa akiingojea.

"Mayu yuko wapi?"

"Yuko hapo mbele," Generoza alisema. "Anakuona. Tulia."

Domitila akainuka. Mkono mmoja ameushikilia kwenye ukingo wa boti, mwingine umekikumbatia kichanga, akavuka ubao wa kwanza wa kukalia. Mara pua ikapanda juu. Bundala akahisi nyuma inatoweka chini yake kama mtu aliyekosa ngazi. Wimbi likaruka likaingia kwa nyuma, likamlowesha hadi kiunoni, na pale chini kwenye kigingi maji yakaanza kububujika.

"Maji!" Luhaga alipiga kelele. "Bundala, tunazama!"

"Kaa!" Bundala alifoka. "Rudi ukae! Usisogee hata hatua moja!"

Alikuwa anamfokea mama mkwe wake. Alikuwa anamtazama usoni, macho kwa macho, mara ya kwanza tangu aoe. Domitila alisimama mguu huku na mguu huku juu ya ule ubao, mvua ikimtiririka, akamtazama vilevile. Halafu akarudi nyuma polepole, akakaa. Pua ikashuka. Bundala akaikaza mashine, boti ikakubali, na kigingi kikapunguza kububujika.

"Bundala," Justina aliita.

"Nipo."

"Mwambie mayu aje."

Kati yake na mama yake palikuwa na hatua tatu. Bundala aligeuza pua kulikabili wimbi.

"Tumekaribia, Justina. Vumilia kidogo tu."

Hawakuwa wamekaribia. Justina hakuuliza tena. Aliinua mkono kuelekea mbele, mkono ukabaki hewani kidogo ukianguka na kuinuka kwa mwendo wa boti. Domitila naye akanyoosha wake bila kuinuka kitako. Hawakufikiana. Kisha yule mama akaanza kusema, kwa Kisukuma, neno moja lile lile, "Nipo hapa, ng'wana wane, mwanangu, nipo hapa, nipo hapa," na upepo ukawa unalichukua na kulitupa upande wa pili.

Baada ya muda Generoza aliacha kukandamiza. Damu ilikuwa imepungua, kwa sababu iliyobaki mwilini ilikuwa ndogo. Alimfunika Justina vizuri, akabaki kumshika mkono tu, akimsemesha sikioni. Walikaa hivyo muda wa kutosha kuchemsha maji ya ugali na kuusonga. Justina alipumua. Midomo yake ilitikisika mara mbili tatu. Bundala alikuwa akiangalia mawimbi.

Milima ya ng'ambo ilipotokea tena nyuma ya mvua, Generoza aligeuka akamtazama Bundala, akatikisa kichwa.

Domitila aliona. Hakupiga ukelele, hakuinuka. Alikaa vilevile alivyoamriwa, kwa nusu saa nzima iliyobaki, kichanga kifuani, macho kwa binti yake, mpaka boti ilipogusa mchanga.

Wauguzi walikuja na machela, wakamgusa Justina shingoni, wakaiweka machela chini. Mtoto alipimwa, akakutwa mzima. Wakatoa kopo la maziwa ya unga na chupa. Usiku huo walilala hospitalini, maiti kwenye chumba chake, na walio hai kwenye veranda.

Asubuhi yake ziwa lilikuwa limetandazwa kama shuka. Bundala aliamka kabla ya wote. Generoza alipokwenda ufukweni alimkuta anaokota mawe, anayajaza kwenye magunia aliyoomba jikoni mwa hospitali, na kuyapanga mbele ya boti. Alipomaliza, akamwendea Luhaga.

"Mwambie mayu leo atakaa na mwanawe. Upepo haupo, tutakwenda polepole. Uzito upo."

Domitila alipanda. Akakaa chini kwenye mbao, akakilaza kichwa cha Justina, kilichofungwa shuka jeupe, juu ya mapaja yake. Akatazama yale magunia mbele, pale alipokuwa ameketi jana. Aliyatazama muda mrefu. Walipokuwa wameshaondoka na mashine inanguruma, akafungua kinywa, akasema bila kumgeukia mtu yeyote:

"Kumbe nilikuwa jiwe."



Walimzika Justina kijijini, upande wa mashamba, mbali na maji, kama mama yake alivyoomba. Msiba ulipoanuliwa, Domitila alitaka kwenda na mtoto Nkoma, na Bundala akakubali. Kwa haki ya ng'ombe wa mahari aliotoa, mtoto alikuwa wake. Wazee wa ukoo wake walimkumbusha. Yeye akasema mtoto mchanga hali ng'ombe. Mto ulikuwa umepungua, trekta limekwamuliwa, na asubuhi moja bibi na mjukuu wakapanda juu ya tela la mbegu wakaondoka. Domitila hakumuaga mkwewe. Hilo peke yake lisingekuwa ajabu, kwa kuwa mkwe haagwi. Lakini alipita mbele yake bila hata kuacha njia.

Bundala aliendesha boti miezi miwili zaidi. Mikono iliijua kazi, ila alianza kusimamisha mashine katikati ya ghuba, bila sababu, akakaa kimya na abiria wake wakitazamana. Siku moja Luhaga akamwondoa mkono kwenye usukani kwa upole, kama unavyomnyang'anya mgonjwa kikombe, akaendesha yeye hadi nyumbani. Kesho yake Bundala akaenda ofisini kwa Ngeleja kuomba barua ya ruhusa ya kusafiri.

"Unakwenda kufanya nini Nkoma?" mwenyekiti aliuliza, kalamu mkononi.

"Kumwona mtoto."

"Na mama mkwe?"

"Nilimfokea."

Ngeleja akaweka kalamu. "Bundala, Luhaga alimweleza. Nesi alimweleza. Kijiji kizima kinajua usingemfokea mngekufa wote, na kichanga juu. Hata yeye anajua."

"Andika tu, mwenyekiti."

Alifika Nkoma mwezi wa sita, wakati wa kuchuma pamba, akimswaga mbuzi jike wa kufutia kosa. Mji wa Domitila ulikuwa kando ya shamba, nyumba mbili za nyasi na zizi dogo. Kwenye uwanja pamba ilikuwa imemwagwa juu ya turubai, na Domitila ameketi anaichambua, safi upande huu, fifi, ile chafu, upande ule. Mtoto alikuwa amelazwa juu ya kanga kivulini mwa kihenge cha mtama, anarusha miguu.

Bundala alisimama mbali, akageuza uso pembeni inavyopasa, akaamkia.

"Usigeuze uso," Domitila alisema. "Umeshaniangalia. Njoo ukae."

Akaja akakaa ng'ambo ya turubai. Mbuzi akamfunga kwenye mti wa zizi. Domitila hakumtazama yule mbuzi.

"Anaitwa Mbula," alisema. "Hukuniachia jina, nikamwita kwa mvua iliyomleta."

"Ni jina zuri, mayu."

Bundala akavuta fungu la pamba mbele yake, akaanza kuchambua naye, vidole vyake vya kamba na petroli vikikosea, akitupa fifi kwenye safi. Domitila akawa anayaokota makosa yake na kuyarudisha.

"Nina jambo la kukuuliza," alisema hatimaye. "Nimelala nalo tangu siku ile. Mimi si mtu wa maji, sijui mambo yenu. Luhaga amenieleza habari ya uzito, nimeelewa. Palihitajika mtu mbele. Nimeelewa. Lakini yule nesi." Alisimamisha mikono. "Ulifika wakati akaacha kufanya kazi. Alikuwa ameshika mkono tu. Mkono hata mimi najua kushika. Hakuweza kuja kukaa pale nilipokuwa mimi, nami nikaenda pale alipokuwa yeye?"

Bundala alibaki ameshika fungu lile lile la pamba. Safari nzima kutoka ziwani alikuwa ametengeneza maneno ya kuomba radhi kwa kufoka, maneno ya mbuzi, maneno ya wazee. Hili halikuwamo. Na bado alilifahamu, kwa kuwa ndilo lililokuwa likimsimamishia mashine katikati ya ghuba.

"Luhaga alisema haikuwezekana," Domitila aliongeza. "Nesi pia."

"Walitaka kukutuliza, mayu."

"Basi niambie wewe."

"Iliwezekana." Aliisikia sauti yake kama ya mtu mwingine. "Mkitambaa, si kusimama. Yeye anakuja pole pole, wewe unakwenda pole pole, mnapishana pale kwenye ubao. Mimi ningepunguza moto. Luhaga angesogea kidogo. Hatari ingekuwapo, lakini iliwezekana. Kazi ya kupanga watu nimeifanya miaka mingi, ningeweza kuipanga na hiyo."

"Kwa nini hukuipanga?"

"Sikuiwaza. Nilikuwa nimeogopa. Nilishapanga mara moja ufukweni, na boti ilikuwa imekaa sawa, nikaogopa kuigusa. Nilikuja kuiwaza baada ya kumzika."

Domitila aliinamisha kichwa. Mabega yake yakaanza kutikisika, na sauti aliyoizuia siku ile ziwani, na wakati wa maziko, na miezi mitatu iliyofuata, ikatoka sasa, nzito na ndefu, mpaka majirani waliokuwa wanachuma pamba wakanyoosha migongo yao na kutazama. Mtoto akashtuka akalia. Bundala alitaka kuinuka akaona hana pa kwenda. Alilia na yeye palepale, mikono imejaa pamba, bila kujifuta.

Ilipokwisha, Domitila alijipangusa kwa ncha ya kanga.

"Alikuwa ananiita," alisema. "Mara mbili tu aliita. Hakuwa mtoto wa kuita ovyo."

"Hakuwa."

"Sijui kama nitakusamehe. Sitaki kukudanganya, kama wewe ulivyokataa kunidanganya."

"Ndiyo, mayu."

Akainuka, akamchukua Mbula kutoka kivulini, akamtuliza begani. Kisha akazunguka turubai, akamweka mikononi mwa baba yake. Bundala hakuwa amempakata tangu akiwa wa wiki tatu. Mtoto alikuwa amenenepa, ana joto, shingo imeanza kukaza, na alimtazama baba yake kwa mashaka kama anavyotazamwa mgeni.

"Mvua zilituchelewesha kupanda," Domitila alisema, ameshageuka, anaelekea jikoni, "na pamba bado ni nyingi shambani. Vijana wangu wawili wako Mwandoya na ng'ombe. Kama barua yako ina siku, kaa uchume."

Barua ilikuwa na siku kumi na nne. Alikaa miezi miwili, na Ngeleja, alipopelekewa habari, hakuuliza kitu. Usiku alilala kwenye nyumba ya vijana. Mchana alichuma, mgongo ukimuuma kwa kazi asiyoizoea, na kila alipofika mwisho wa mstari alimkuta Mbula amelazwa chini ya kivuli cha vijiti alichokijenga Bundala mwenyewe, akainama akamfukuzia nzi, akarudi kwenye pamba.